Sifuri Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Somo la foleni tena. Mkufunzi wetu wa miundo ya data katoa zoezi la mwisho: programu ya kuwapanga wagonjwa wa zahanati, aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Kisha akasoma upya masharti ya somo, kwa ile sauti yake ya kutangaza msiba. Kazi ya kuchelewa haipokelewi. Kazi mbili zikifanana, wote sifuri, aliyetoa na aliyepokea. Alama zisipotosha, mtihani huingii. Mazoezi yangu mawili yalichelewa, umeme ulikatika, hakutaka kusikia. Hili ndilo la kuniokoa.

Alhamisi, 5 Juni

Imefanya kazi! Wagonjwa wa majaribio nimewapa majina ya wadogo zangu, yale ya Kihangaza ya nyumbani. Nimecheka peke yangu maabara.

Jioni Kabula, ninayeishi naye chumba kimoja, kaja na flashi. Kompyuta yake imekufa. Anataka kuiona tu programu yangu. Nimempa. Kwetu Murusagamba mtu akija kuomba mbegu humuulizi atapanda wapi.

Jumanne, 10 Juni

Mjinga yule! Kadesa yote, kanakili hata majina ya wadogo zangu. Msukuma wa Nyantakara, lakini wagonjwa wake wote Wahangaza wa nyumba moja. Mkufunzi katuita ofisini. Kamuuliza Kabula majina hayo ni ya nani. Hajui. Kaniuliza mimi, nikawataja kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa. Akasema anaona wazi kazi ni yangu. Nikapumua.

Kisha akaandika sifuri mbili.

"Masharti uliyasikia, binti."

"Niliyasikia, mwalimu."

Jumatano, 11 Juni

Sikwenda darasani. Hasira tupu.

Ijumaa, 13 Juni

Wamebandika majina ya watakaofanya mtihani. Langu halimo. La Kabula limo. Mazoezi yake ya nyuma yamembeba, na karibu yote nilimwelekeza mimi. Kuelekeza ruksa, masharti yanasema. Kaniomba msamaha huku analia, kamasi zinamtoka. Nikamwambia yameisha. Hayajaisha. Namchukia, na bado usiku tunalala mita moja kutoka kitanda hadi kitanda.

Jumatatu, 16 Juni

Wenzangu wameingia mtihani. Mimi nimefua.

Mama kapiga simu kuuliza mtihani unaendaje. Nimemwambia ukweli: nimezuiwa, nitarudia somo mwakani. Akauliza nimeiba nini. Nikasema sikuiba, mwenzangu aliomba, nikampa.

Kisha akauliza polepole, kama anayeogopa kuniudhi, sasa walitaka nimnyime?

Akasema basi nije, maharage yamekauka shambani na mikono ni michache. Nguo bado mbichi. Nimezikunja hivyohivyo, nimefunga begi.