Mbao Nyeupe ya Ange

Blacktown, 6 Julai 2025

Kwako Vénérand, papa wangu niliyekuzaa mwenyewe,

Umeamkaje huko Queensland? Mgongo uko namna gani? Na hiyo baridi ya kiwanda cha nyama, unavaa sweta niliyokutumia ama umempa mtu? Nakujua, unapeana vitu. Mimi niko. Mguu wa kushoto unavimba jioni, asubuhi unapungua, kama mtu mwenye shifti. Mungu anatusaidia.

Anayeandika ni Mwiti, ule nesi wa Kenya mwenye upara, anayekuja kunifunga mguu. Mimi nasema, yeye anaandika. Saa ingine ananyoosha maneno yangu, akinisomea nasikia kama ni mke wa mchungaji anaongea. Nimemwambia aache vile natoa.

Utauliza kwa nini barua na simu iko. Kwa simu unanikata. Nikisema tu "Ange" na "shule", unasema, "Mama, shifti inaanza." Karatasi huwezi kuikata.

Sasa, najua umeona ile foto. Mtoto wako amesimama kwenye ukumbi wa shule, nywele zimebanwa vizuri (mimi ndiye nilisuka, kutoka misa mpaka saa ya chakula, vidole vikakufa), na mkononi ameshika kitu kama bunduki. Umempigia ukapiga kelele, halafu ukanyamaza wiki mbili. Mtoto haelewi. Ananiuliza mimi bibi yake, "Koko, nimefanya nini?"

Ngoja nikueleze, kwa sababu na mimi niliogopa kabla yako. Niliikuta nyuma ya mlango. Nilikuwa natoa sombe, yale majani yetu ya muhogo, kwa frigo. Sufuria ikaruka, sombe yote chini, mpaka leo kapeti ina kijani na Mama Bibiane wa kanisani akija anaiangalia hapo tu, hasemi, anaangalia. Nikakimbilia choo nikajifungia. Ange akagonga: "Koko, ni mbao! Ni mbao tu!" Akaipitisha chini ya mlango, ncha yake, niguse. Nikagusa. Ni mbao kweli, imepakwa rangi nyeupe, haina tundu, haina chuma.

Wanaita winta gadi. Ni mchezo wa shule wakati wa baridi, wanacheza ndani ya ukumbi. Mwalimu wao ni mama wa Amerika aliyeolewa huku. Muziki unalia, wengine wanapepea bendera kubwa kama shuka, na wachache wale wenye mikono ya hakika wanapewa hizo mbao. Wanazirusha juu, zinazunguka, zinashuka, wanadaka. Hakuna anayelenga mtu. Ange yuko kati ya hao wachache. Mtoto ambaye alifika hapa hasemi neno, akijificha nyuma ya kanga yangu!

Najua wewe ulichukuliwa porini ukiwa na miaka kumi na moja, ukabebeshwa bunduki ya kweli mpaka ukatoroka. Mwiti, andika, usiniangalie hivyo. Usiogope, papa, huyu Mwiti ni mtu mzima, atafunga mdomo. Mtoto wako hajui hiyo habari. Anajua tu baba amekasirika.

Nijibu. Kula vizuri.

Mama yako


Queensland, 20 Julai 2025

Mama,

Nakusalimia sana. Mguu uweke juu ya kiti, usiukunje. Sweta ninayo.

Ange aache hiyo kitu. Bendera abebe, hata tano kwa mara moja, sina neno. Hiyo ingine hapana. Najua ni mbao, Mama. Mikono yangu ndiyo haijui. Foto niliiona wakati wa mapumziko, nikashindwa kurudi kwenye laini ya kukata nyama, nikashindwa kushika kisu, bosi akanirudisha nyumbani.

Na usimwambie sababu. Tangu mama yake afariki, huyo mtoto ndiye mtu mmoja anayeniona kama baba tu, si kama kitu kilichotoka porini. Niachie hiyo.

Mtoto wako


Blacktown, 17 Agosti 2025

Papa Vénérand,

Amani kwako na hapo unapolala. Sisi tuko wazima, isipokuwa mguu, na isipokuwa Mwiti ana mafua, anaandika huku anapiga chafya. Kama karatasi ina alama, si machozi yangu.

Mtoto amekutii. Alirudisha ile mbao siku ileile nilipomwambia. Hakubishana. Ningependa angebishana, nikamjibu, tukamaliza. Alisema tu "okei, Koko," akaingia shambre yake ya kulala, akafunga mlango polepole. Mimi mlango ukifungwa kwa kishindo siogopi. Ule wa polepole ndio unaniumiza.

Sasa ameshika bendera, amewekwa nyuma, karibu na wale wapya wanaogongana. Nilienda kumwangalia kwenye mashindano. Tulipanda treni mbili na Mama Bibiane, akaniongelea njia yote habari ya bei ya samaki wa Auburn, ati yule muuzaji akimwona anapandisha. Kwani yeye ni nani! Tukafika. Timu yao ilitoka ya pili, watu wakashangilia. Nikamwangalia Ange. Mikono inapepea bendera, macho yako juu, yanafuata mbao za wenzake.

Tarehe kumi na tisa Septemba ni sherehe ya kumaliza msimu. Wataita watoto kwa majina, wape zawadi, wazazi wakae kwenye viti. Njoo, papa. Usiseme kitu, kaa tu. Mwenzake ana baba na mama na baba wa kambo, wote wanakuja, wanajaza mstari. Ange ana mimi na mguu wangu.

Wamama wa kanisa wamesema hatutaenda mikono mitupu. Tunabeba vitenge. Akiitwa tutamtandikia chini apite juu, kama tulivyokutandikia wewe ulipopata diploma kwenye kambi ya wakimbizi. Huku hawana hiyo, watajifunza.

Nangoja jibu.

Mama yako


Blacktown, 21 Septemba 2025

Vénérand,

Habari za huko. Za kwetu ni nyingi. Hukujibu na hukuja. Kiti nilikushikia, niliweka kipochi changu juu yake, mzee mmoja wa Kizungu akaja kuuliza, nikamwambia "son", yaani cha mtoto wangu, akaenda. Mpaka mwisho kipochi kilikaa peke yake.

Nitakueleza yote, hata kama hukuuliza.

Tulikuwa wamama sita na vitenge vyetu. Mwalimu akaita jina la kwanza. Halikuwa la Ange, lilikuwa la mtoto mmoja mnene wa Tonga, zawadi ya kutokosa mazoezi. Lakini Mama Bibiane alikuwa amekwisha kuinuka! Unamjua, hangoji. Amefungua kitenge chake, kile chekundu cha harusi, akatandika mbele ya mtoto wa watu na vigelegele juu. Mtoto akasimama. Akamwangalia mama yake. Mama yake, mtu mkubwa mwenye ua sikioni, akasimama na yeye akapiga ukelele wa kwao, ukumbi ukatetemeka. Basi mtoto akapita juu ya kitenge kama mfalme.

Sasa shida. Aliyeitwa wa pili alifika kwenye sakafu tupu, akagoma. Anangoja kitenge! Ungefanyaje? Utamtandikia mmoja umnyime mwingine? Wamama wakaanza kukimbia, wanatoa nyuma wanaweka mbele, jasho linatoka, Mama Bibiane anasema, "Wamezaa wengi hawa!" Mwalimu anacheka mpaka anashika meza. Kila mtoto alipita juu ya vitenge vyetu, papa. Wote. Na Ange wangu bado hajaitwa.

Mwisho kabisa wana desturi yao. Anayemaliza shule anaachia mwenzake kitu alichokuwa anacheza nacho, mbele ya wote, na huyo ndiye atakuwa mbele msimu unaokuja. Kiongozi wao, msichana mrefu Mvietnamu, akasimama na mbao yake nyeupe. Akaita Ange.

Tulitandika vyote sita. Mimi mwenyewe nilipiga goti, mguu na yote. Ange akapita. Akafika. Yule akanyoosha mbao. Na mtoto wako akaweka mikono nyuma ya mgongo.

Mwalimu akauliza polepole kuna nini. Ange akasema kwenye kipaza sauti, Mama Bibiane akanitafsiria kwa sikio: "Siwezi kupokea. Baba yangu amekataza." Akaulizwa kwa nini. Akasema, "Sijui kwa nini. Baba amesema."

Niliona watu wanaangaliana. Nikaona wanavyokufikiria, kwamba wewe ni mbaya, baba wa kunyima mtoto furaha bila sababu. Mtoto akasimama katikati yao na aibu yako, akaibeba, na hajui ni ya nini. Na mimi ninayejua nimepiga goti pale sakafuni, mdomo nimeufunga vile uliniambia.

Yule mrefu hakumpa mwingine. Tulipofika kwenye gari akatufuata. Ameifunga mbao ndani ya kitenge cha Mama Bibiane. Akasema, "Si yangu tena, na si ya mtu mwingine. Muiweke." Iko juu ya kabati yangu. Ange haiulizi.

Nilikutii. Lakini hii habari si yangu kuisema, ni yako. Njoo uiseme ama njoo uichukue hiyo mbao uichome, lakini njoo.

Mama yako


Queensland, 27 Septemba 2025

Mama,

Nakusalimia. Msiiguse. Niko na likizo ile wikendi ndefu, nakuja na gari.

Mtoto wako


Blacktown, 8 Oktoba 2025

Papa wangu Vénérand,

Ulifika salama? Njia ndefu vile, na umelala masaa mangapi? Ulisahau chakula ulichofungiwa, kiko kwa frigo, sitaki mtu akiguse lakini Mwiti amekwisha kuonja. Anasema hapana, lakini nilimwona na kijiko.

Nakushukuru kwa kuja. Najua ilikula roho yako. Nilikuwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nawaona uani, na bakuli langu la maharagwe, nilijifanya nachagua mawe. Hayo maharagwe ya Blacktown hayana mawe.

Ulipofungua kitenge na kuishika ile mbao, iliruka yenyewe ikakaa begani kwako, sawasawa, na shingo ikalala pale inapolala. Ange akasema, "Baba, nani alikufundisha?" Ukageuka ukaenda mpaka kwenye gari lako, ukasimama umelikabili, mkono juu ya paa, ukaanza kusema. Ulisema yote. Hata mambo mimi sikuyajua, ile ya kulala umeikumbatia bunduki yao kwa sababu ukiipoteza unapigwa.

Lakini ulimpa mtoto mgongo. Hukumwona. Kwa hiyo nakuandikia, ujue mimi nilichoona.

Mwanzoni alikuwa na simu mkononi. Akaiweka chini kwenye majani. Ulipotaja miaka yako alifunika mdomo. Nikafikiri sasa atakimbia ndani, na wewe ukigeuka utakuta hayuko, na hapo ndipo utarudi Queensland moja kwa moja tusikuone tena. Niliomba, kweli, bakuli magotini. Hakukimbia. Alisogea hatua mbili, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, vile wanafanya wakingoja ishuke. Alisimama hivyo, anangoja.

Halafu ukageuka, ukamrushia.

Papa, ulirusha vibaya! Ilienda kombo mpaka kwenye kamba ya nguo, mtoto akaifuata, akaidaka pamoja na shuka langu, akaanguka nalo. Na akacheka! "Baba, unarusha kama mtu anatupa takataka!" Sijasikia hicho kicheko tangu baridi ianze. Na wewe ukacheka, halafu ukakaa chini kwenye majani, ukalia, na yeye akakaa karibu, bado amefungwa shuka. Nikaingia ndani. Maharagwe yalikuwa safi.

Sasa kila jioni yuko uani, anarusha. Jirani ameuliza hiyo tap-tap ni nini, Mama Bibiane akamjibu kabla yangu, sijui alimwambia nini, leo jirani ameleta keki.

Kitu kimoja tu sielewi. Uligeuka saa ileile. Kama ungekawia kidogo angeshusha mikono. Nani alikuambia ugeuke?

Mama yako


Queensland, 15 Oktoba 2025

Mama,

Nilifika salama, nakusalimia wewe na Mama Bibiane. Mwiti amalize hicho chakula, nimemsamehe. Mwambie Ange aniandikie mapema tarehe za msimu ujao, kiwanda kinataka kujua mtu akiomba likizo.

Unasema sikumwona. Kioo cha dirisha la gari kilikuwa mbele ya uso wangu, Mama, na jua lilikuwa nyuma yetu. Nilimwona humo tangu alipoweka simu chini. Alipofunika mdomo nilitaka kunyamaza.

Aliponyoosha mikono, nikageuka.

Baba yake Ange