Zakaria Alizama Mahali Pangu

Kigoma

Yaya wangu Marita, dada yangu mkubwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa katekista. Nimefurahi kusikia kwamba mumerudi Luvungi, mihogo imeota tena na watoto wote wawili wanasoma. Na goti lako, bado linakusumbua asubuhi? Minye niko muzima. Ninapakua magunia ya chumvi hapa bandarini na ninalala Ujiji, kwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Homa ilinilaza majuma mawili, lakini imepita.

Umeniandikia kwamba unawaambia watoto namna mjomba wao alivyopigana na maji ili amuokoe baba yao. Niliposoma maneno hayo nilikunja karatasi, na siku ile sikurudi kazini. Yaya, nilikudanganya. Niruhusu nikueleze yote, maana uso kwa uso nilishindwa.

Unamkumbuka yule muzungu wa filimu, aliyetupa kazi minye na shemeji Zakaria kabla ya uhuru. Zakaria aliendesha mtumbwi wa moteri na kuangalia mashini ya kujaza hewa. Minye ndiye niliyefundishwa kuzama. Nilifungwa chupa ya hewa mgongoni, nikatiwa mpira mdomoni, nikashuka nyuma ya muzungu nikimbebea taa. Nyumbani sikuwahi kueleza vizuri niliyoyaona, nikiogopa baba ataniita muongo. Chini kule ziwani mawe yamesimama kama nyumba, na samaki wadogo wa njano wanaingia na kutoka milangoni. Kuna siku tuliwapiga picha kuhe wawili, wale samaki wakubwa, dume na jike, wanalinda watoto wao mamia juu ya mchanga. Muzungu alisogeza kamera mpaka karibu wamguse, nao hawakukimbia. Dume aligonga kioo kwa kichwa. Nilipopanda nilimsimulia Zakaria, akacheka, akasema kuhe anamjua ndani ya sahani tu. Yeye hakutaka hata siku moja kushuka.

Uasi ulipokaribia, muzungu alivuka kwenda Bujumbura, akatuachia vyombo vyake katika depo, ile ghala ya bandari ya Kalundu. Weye ulikuwa umeshapeleka watoto Luvungi kwa mama mukwe wako. Kisha waasi wakauchukua mji wa Uvira. Siku moja mtumbwi wao ulipinduka karibu na bandari, kasha la bunduki likazama. Muntu fulani akawaambia kwamba kuna watu wa Kalundu wanaotembea chini ya maji. Wakaja kutuchukua wote wawili.

Mkubwa wao alitusimamisha ufukoni, mbele ya zile chupa. Akauliza, "Nani kati yenu iko najua kuingia na hii?"

Chupa zilikuwa zimekaa miezi mingi bila kuguswa. Asubuhi ile ile walikuwa wamemuua karani mmoja pale sokoni kwa sababu alijibu polepole. Niliogopa kufa, Yaya. Nikanyoosha kidole.

Nikasema, "Ni huyu. Minye niko muntu wa moteri tu."

Zakaria aliniangalia. Neno moja lingetosha kunirudishia mzigo wangu, lakini hakulisema. Tulipofika pale kasha lilipozama, ndani ya mtumbwi, aliniambia kwa Kifuliiru, wale wasielewe: "Weye haujaoa bado. Minye watoto niko nao tayari." Akanigeuzia mgongo nimfunge mikanda. Nikamfunga kwa mikono hii.

Sasa nitakuambia lililo baya kuliko kidole. Muntu akivuta hewa ya chupa chini, wakati wa kupanda hafungi pumzi. Anapanda polepole, anaitoa kidogo kidogo, la sivyo mapafu yanapasuka. Sheria hiyo muzungu alinifundisha siku ya kwanza, kabla mguu wangu haujagusa maji. Zakaria hakuijua. Ningeweza kumnong'oneza wakati ninafunga ule mkanda wa mwisho. Lakini mmoja wao alikuwa ameinama karibu yetu, na niliogopa atajua kwamba mwenye kujua ni minye. Nikaukaza mkanda.

Alishuka na kamba. Kina cha maji pale kilikuwa kama michikichi mitatu, mmoja juu ya mwingine. Alilipata kasha, akalifunga sawasawa, wakalivuta. Kisha akatokea yeye, ghafla, ameutema ule mpira, mdomo ameufumba kama muntu anayetoka kuoga mtoni. Alipoufungua ikatoka damu. Tulimlaza ufukoni. Alinishika shati, hakuweza kusema, na jua lilikuwa bado utosini alipokata roho. Hakuna maji niliyopigana nayo. Sikulowa hata nguo.

Nilimzika pamoja na wavuvi wawili, nikakutumia habari kwamba waasi walimchagua wenyewe na kwamba niliruka kumtafuta. Kisha nikavuka. Nilisema ninakimbia vita, na vita vilikuwepo kweli, lakini nilikuwa ninakimbia macho yako.

Sikuombi unisamehe katika jibu lako. Watoto waambie ukweli, hata kama hawatataka tena kuniita mjomba. Mashua ya samaki wadogo, ndagala, inaondoka hapa mwisho wa mwezi kwenda Uvira. Nitapanda, nitafika Luvungi kwa miguu, na nitasimama mbele ya wazee wa ukoo wa Zakaria. Watakalolisema nitalipokea.

Nisalimie mama yetu mdogo wa Kavimvira, aliyetulea. Salimia pia mwalimu wa watoto, na jirani yako aliyekusaidia kulima. Mama mukwe wako, mama yake Zakaria, sijui kama nina ruhusa ya kumsalimia. Msomee kwanza barua hii yote, usimfiche hata mstari mmoja. Akimaliza kusikia, kama atauliza mwenyewe, "Na minye hakunisalimia?", ndipo umwambie kwamba nilimsalimia.

Minye mdogo wako,
Kashindi