Pagola Yenye Ukuta Katikati

Jumamosi, Nyahanga. Joto la mwezi wa kumi. Mawingu yalijikusanya tangu asubuhi upande wa Geita, yakatutia tamaa, kisha yakaondoka bila kudondosha hata tone. Lakini moyo wangu umetulia, na ni muda sijaandika sentensi kama hiyo hapa.

Pagola imekwisha.

Kwa asiyeijua, ni kibanda kisicho na bati: nguzo, na juu yake mbao zilizoachiana nafasi ili mimea itambae na kuleta kivuli. Niliiona kwenye nyumba moja ya wageni hapa Kahama, nikaitaka siku ileile. Si kwa ajili ya urembo. Kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuja kwetu kutoka Masumbwe baada ya kuvunjika mguu. Baba alishafariki, na kule hana mtu wa kumchotea hata maji. Mume wangu, Baba Neema, ndiye aliyekwenda kumchukua, na ndiye aliyesema apewe chumba kikubwa. Ukarimu haukupungua. Ila sisi ni Wasukuma, na Mama ni Msukuma wa zamani: mama na mume wa binti yake hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, si uadui. Lakini heshima hiyo inataka boma lenye nyumba nyingi na uwanja mpana. Sisi tuna vyumba vitatu na sebule moja.

Kwa hiyo kila Baba Neema aliporudi kazini, Mama alichukua fimbo yake akaenda kujifungia chumbani, chini ya bati linalowaka. Naye Baba Neema, akijua kwamba amemwondoa mkwewe sebuleni bila kusema neno, akaanza kuchelewa kurudi. Watu wawili ninaowapenda, kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa adabu.

Wiki iliyopita Mama aliniambia, "Mwanangu, nirudishe kwangu. Hapa nimekuwa kama mwali, nafungiwa ndani uzeeni."

Nililia jikoni.

Ndipo nikamwita fundi Masanja. Baba Neema nilimweleza kwamba nataka Mama apate pa kupumzikia nyuma ya nyumba. Akasikiliza, akasema "Sawa," akaendelea kula. Niliumia kidogo. Nilitaka aseme zaidi ya hapo.

Fundi alisimamisha nguzo za mkaratusi, akazipaka oili chafu chini ili mchwa wasizile, akamwaga zege. Leo asubuhi nimetoka sokoni nikamkuta anapigilia mbao katikati ya kibanda, moja baada ya nyingine, kama uzio. Hasira zikanipanda.

"Fundi, mbona unanikatia kibanda vipande viwili?"

"Mama Neema, mimi nimeagizwa," akasema. "Baba Neema alinipigia jana. Kasema niweke ukuta hapa, umzidi kichwa mtu aliyekaa, na kila upande uwe na njia yake ya kuingilia."

Nilisimama pale na kikapu changu mkononi, nikielewa polepole.

Alasiri Mama alitoka nje, akakaa upande wa jikoni, mguu ameuegesha juu ya kigoda. Mara pikipiki ya Baba Neema ikasikika getini, mapema kuliko kawaida. Mama akaanza kupapasa fimbo. Nikamwomba asiinuke. Baba Neema akazunguka nyumba kwa upande wa pili, akaingia sehemu yake, akakaa ameupa ukuta mgongo.

"Mwadila, mayu," akasalimia. Kwetu ndiyo salamu ya mchana, kwa mama.

Mama akaiachia fimbo. Nilisikia kuku wa jirani wakichakura.

"Mwadila, baba," Mama akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Muulize kama huko Masumbwe mvua imenyesha."

Baba Neema hutengeneza karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na jana alikuwa hukohuko. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwambie imenyesha juzi. Watu wameanza kulima."

Nikawa mkalimani wa watu wanaosikiana. Nilijitahidi nisicheke.

Halafu Baba Neema akaanza kunisimulia, kwa sauti kubwa kidogo, habari za mteja wake aliyeleta mbuzi wa kuchinja ili karasha mpya iwe na bahati. Mbuzi akakata kamba, akatimua mbio, wachimbaji wote wakaacha mawe wakamfuata.

"Sasa wewe baba, alipatikana?" Mama akauliza.

Hakupitia kwangu. Alimuuliza yeye.

"Hadi leo, mayu, hajapatikana."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ng'ambo ya ukuta Baba Neema naye alikuwa anacheka. Nikaondoka taratibu kwenda kusonga ugali, na nilipopeleka chakula nilipeleka sinia mbili, moja kila upande. Walikuwa wameshafika kwenye habari za ng'ombe.

Jioni, nikimsaidia Mama kuingia ndani, nilimuuliza kama bado nimtafutie gari la kurudi kwake. Akainua macho akazitazama zile mbao za juu.

"Kwanza panda kitu pale. Jua linapenya mno."

Nikamwambia nitapanda pasheni, ila itachukua miezi mingi kufunika juu.

"Najua," akasema, akaingia ndani.

Asubuhi natafuta miche.