Kware wa Kaka Tulkin

Margilan, 4 Mei 2019

Kwako Kaka Tulkin,

Salamu nyingi zikufikie huko Termez. Sisi hatujambo, ila Mama na goti lake, Babu na macho yake, na mimi na uzuri wangu unaozidi kunisumbua. Wasiwasi wetu ni juu yako, uliyenyolewa kipara bure na serikali. Supu yao ina nyama, au nyama hupita juu ya sufuria ikaaga?

Kwa kuwa jeshini simu zimekatazwa, imebidi nishike kalamu, mimi niliyeiacha shule kabla haijaniacha. Usicheke mwandiko.

Kware wako ni mzima. Jumapili nilimpeleka mkahawani, nikakitundika kibuyu anamoishi kati ya vibuyu vya kware wa wazee. Unawajua: chai inapoa, hakuna anayekohoa, kila mtu anahesabu milio kwa vidole. Kware wa Mzee Kobil akapiga saba. Wako akapiga kumi na moja kwa pumzi moja. Mzee Kobil akasema, "Huyu kijana ana mkono." Nilitaka kumwambia kwamba mkono ni wako, lakini nilikuwa natafuna.

Jambo moja linanichoma. Vijana wote hapa wana simu za kioo, mimi bado nabonyeza vitufe. Nikiitoa mfukoni, wasichana huniuliza televisheni iko wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Mirsaid


Termez, 20 Mei

Mdogo wangu Mirsaid,

Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila jua la huku linachoma hadi vifungo vya shati. Nyama tunaiona Ijumaa. Mpe Mama pole ya goti.

Sikiliza, acha utani kidogo. Kila siku mbebe kware ndani ya mkono wa koti, saa nzima, apate joto lako. Kware asiyebebwa husahau watu. Mtama amlishe Babu mwenyewe, usimnyang'anye kazi hiyo. Tangu macho yake yaingie ukungu, ni mlio wa yule ndege alfajiri unaomwambia kwamba kumekucha. Usimwazime mtu, hata kwa siku moja, hata rafiki yako yule Bekzod mwenye maneno ya asali.

Simu ningoje. Nikirudi tutaitafuta pamoja.

Kaka yako,
Tulkin


Margilan, 12 Juni

Kaka Tulkin mpendwa,

Salamu kutoka kwa wote. Hali ni njema mno, na yangu imezidi.

Simu nimepata. Hukusikia vibaya: ya kioo, kamera tatu mgongoni. Nimempiga picha punda wa jirani, ametoka vizuri kuliko wewe kwenye picha ya kiapo. Na kaspika kadogo nimeongezewa, kanatosha kwenye kiganja lakini kanaimba hadi majirani wanafunga madirisha. Usiniulize nimepataje. Wengine wana vyeti, wengine wana akili.

Kware hana neno. Kila alfajiri anapiga kumi na moja, haongezi, hapunguzi, kama askari. Babu anasikiliza tu, hasemi kitu.

Mdogo wako, tajiri mpya wa Margilan,
Mirsaid


Termez, 29 Juni

Mirsaid,

Salamu kwa Babu na Mama. Mimi sijambo.

Nimejisifu bweni zima kwa kware wangu, lakini kuna mwenzetu wa Kokand amebisha. Anasema kware si saa ya ukutani: leo hupiga tisa, kesho kumi na mbili, akinuna hapigi kabisa. Sasa tumebishana hadi koplo kaingilia. Mwezi ujao ataanza kunyonyoka. Niwekee unyoya mmoja wa kifuani ndani ya bahasha, nimwonyeshe huyu bwana kwamba ndege ninaye.

Na simu uliibadilisha na nini? Wewe huna kitu.

Kaka yako,
Tulkin


Termez, 3 Agosti

Mirsaid,

Ni mwezi sasa, kimya. Babu anaumwa? Mama? Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Tulkin


Margilan, 25 Agosti

Kaka Tulkin,

Babu na Mama ni wazima. Barua zako zote nilizipata. Unyoya sina.

Kware nilimpa Bekzod mwezi wa sita, akanipa simu na ile spika. Mlio wa kware nilikuwa nimeurekodi kabla, nikaitia spika ndani ya kibuyu, nikakifunika kitambaa, na kila alfajiri nabonyeza nikiwa kitandani. Nilijiona fundi. Niliwahi hata kucheka peke yangu shukani.

Katikati ya Julai Mzee Kobil alikuja nyumbani, akamwambia Babu: "Nurmat, umetunyima bingwa wako wiki ngapi sasa? Lete tumsikie kabla hajanyonyoka." Babu akasema leo hajisikii vizuri. Alisema mara mbili, kaka. Mimi nikadakia, "Twende, Babu, tukawafunge midomo." Nikamshika Babu mkono, kibuyu nikakibeba.

Mkahawani nikabonyeza simu mfukoni. Kumi na moja. Wazee wakatikisa vichwa. Nikabonyeza tena. Alipofika mlio wa sita, kware akakatika, na sauti ya mwanamke wa Kichina, ya upole kabisa, ikatoka kibuyuni kuomba chaji.

Laiti wangecheka. Hakuna aliyecheka. Mzee Kobil aliangalia chai yake.

Babu ndiye aliyesema. "Kware alikufa mwezi wa sita. Hiyo mashine niliomba mimi, nipate kusikia kitu asubuhi. Nikaona haya kuwaambia. Kijana alinitii tu."

Miaka arobaini anaswali safu moja na wazee wale. Mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Nyumbani nikafungua kibuyu. Kilikuwa kimejaa mtama hadi shingoni, spika imezikwa humo.

"Babu, ulijua tangu lini?"

"Siku ya pili. Ndege akila huacha maganda."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nilimkimbilia Bekzod nikamrudishia simu. Simu kapokea. Ndege keshamuuza Kokand, hata mnunuzi hamjui. Tangu siku ile Babu haendi mkahawani. Anasema ni miguu. Si miguu. Asubuhi ananiuliza kama kumekucha.

Sijui niandike nini tena.

Mirsaid


Termez, 8 Septemba

Mirsaid,

Nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda kufua ili mtu asinione uso.

Ndege alikuwa wangu. Nimekasirika, na nitakasirika hadi nirudi. Hilo tuliache. Ila Babu hakuwahi kusema uongo, na huu ameubeba kwa ajili yako, sasa unamfungia nyumbani. Jumapili nenda alfajiri, wazee wakiwa mkahawani kwenye pilau yao ya asubuhi. Usimpeleke Babu. Sema yote mwenyewe, na usimchekeshe mtu.

Tulkin


Margilan, 23 Septemba

Kaka yangu,

Mungu akuweke. Nimefanya ulivyosema.

Walikuwa saba mbele ya sinia. Nilisimama nikasema yote: simu, Bekzod, spika. Nikasema kware hakufa, na Babu hakuniagiza kitu. Hakuna aliyeacha kula. Nilipomaliza, Mzee Kobil akafuta vidole.

"Babu yako siku ile alituambiaje?"

Nikarudia maneno ya Babu.

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Au umekuja hapa kutuambia kwamba Nurmat ni mwongo?"

Hakuningoja nijibu.

"Mtu kafiwa na kware wake," akawaambia wenzake, "na sisi hatujaenda kumpa pole. Aibu iliyoje."

Alasiri walikuja wote, wamevaa kofia safi, kila mtu na mikate miwili. Wakakaa uani chini ya mzabibu wakampa Babu pole. Babu akaipokea, mmoja baada ya mmoja. Wakamwambia Jumapili wanamsubiri, nafasi yake hajakaa mtu. Akasema atakuja.

Mimi nilikuwa namimina chai. Kila niliyempa bakuli lake aliweka mkono kifuani, akanishukuru, akaniombea maisha marefu, mjukuu mwema namna hii anayemtunza babu yake. Saba wote walisema hivyo, kwa zamu, na Babu anasikia. Ilibidi niitikie amina kila mara.

Mdogo wako, kama bado unanitaka,
Mirsaid