Mahali pa Kuegesha, Samuye

Jumatatu asubuhi, Samuye. Upepo wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno.

Nimeandika mistari miwili, nikaikata. Sijui nianzie wapi.

Jana tulitoka Ngokolo na kila kitu tulicho nacho. Si vingi. Vyote vimeenea kwenye kombi, gari ambalo Masanja, mume wangu, alilinunua kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Lina kitanda, kabati na jiko la mafuta ya taa. Chumba cha kupanga tumekirudisha. Masanja anakwenda Geita kutengeneza pampu za wachimba dhahabu, na mpaka tupate pa kukaa, humo ndimo kwetu.

Tulipanga tulale Kahama. Lakini rejeta ilichemka mara mbili, na tulipofika Samuye ilikuwa inakaribia saa nane. Jumapili, ikishagonga saa nane mchana, gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani mpaka Jumatatu, ndiyo amri ya serikali ya kubana mafuta. Ilibidi tutafute pa kuegesha.

Na Samuye ndiko kwa mama yangu.

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, hajasema nami tangu niolewe. Mwaka na nusu sasa. Alimkataa Masanja kwa kuwa hana shamba wala ng'ombe. Alisema mwanamume asiye na boma atanizungusha duniani kama mzigo. Leo nimpelekee nyumba yenye magurudumu? Nilimwambia Masanja tulale popote, ila si pale.

Tukaenda shuleni. Mwalimu mkuu akasema tupate kwanza ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti yuko msibani. Tukaenda kanisani. Katekista akasema uwanja ni wa padri, na padri hayupo. Walikuwa wapole wote wawili, na wote wawili walinishangaa.

"Kabula, kwenu si pale?" katekista aliniuliza, akinyoosha mkono.

Nakiri, niliona aibu kuliko siku niliyotoroka kwenda kuolewa.

Tulikuwa bado tumesimama hapo kanisani nilipomwona Mayu anakuja kwa miguu, fimbo mkononi, hana haraka. Nani alimwambia, sijui. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba."

Hakunitazama. Alilizunguka kombi, akagonga bati kwa fimbo, kisha akamwambia Masanja, "Fungua."

Akaingia. Akabonyeza godoro, akafungua kabati, akazitazama sufuria zangu moja moja. Nilingoja matusi. Yeye akaketi kitandani, akaweka fimbo mapajani.

"Pitia njia ya ng'ombe mpaka nyumbani," akasema. "Polepole. Sijakaa vizuri."

Baada ya kula ugali, alitupa chumba chake. Alisema kwake mgeni halali nje. Nikamwambia basi tulale ndani sote, nafasi ipo. Alitoka na blanketi lake, akaingia kwenye kombi, akafunga mlango.

Nimelala kwenye kitanda cha mama yangu, naye amelala kwenye changu.

Ametusamehe? Au anatuonyesha kwamba hata nyumba yetu ni yake akitaka? Masanja anasema mama amefurahi. Lakini Masanja husema mambo ni mazuri hata rejeta ikiwa inachemka.

Alfajiri nimempelekea uji. Nimemkuta ameshakunja blanketi, amefagia ndani ya gari, na kapu lake lenye khanga na viazi vikavu liko pembeni yake.

"Leo mtalala wapi?" akaniuliza.

"Hatujui, Mayu."

Akanywa uji wote. Akanirudishia bakuli.

"Basi tutatafuta."

Tutatafuta! Nimesimama na bakuli mkononi kama mjinga.

Sasa Masanja anawasha gari, na Mayu bado hajashuka. Sijui nimsihi abaki, au nimuulize tu kama amefunga mlango wa nyumba yake.