Vidonge Kwenye Chai ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maji yamenifika shingoni. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu seremala, ana saratani ya ngozi mguuni, na hospitali wamemwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya, eti wanamchoma DNA iliyotengenezwa maabara, kwenye uvimbe wenyewe, iwaamshe askari wa mwili waupige, naye akasaini kurasa kumi na mbili huku anacheka, mimi nikajisemea, haya, cha bure hakikosi tundu. Kila akichomwa anatetemeka, homa juu, uvimbe unawiva, muuguzi anasema, “Ni kawaida, mama, andika joto kwenye daftari,” kawaida gani hiyo jamani, na mbona nikiuliza daktari anamwangalia mwenzake kwanza? Nikamweleza wifi yangu, anauza kwenye duka la dawa, akanipa vidonge vya kutuliza uvimbe, nikawa navisaga na kumtilia kwenye chai kimyakimya, homa ikashuka, daftarini nikaandika kama vile hajawahi kuugua. Juzi daktari kamwambia dawa haifanyi kazi, wiki ijayo ikiwa hivyohivyo wanamtoa. Tangu hapo anapiga randa ubao uleule hadi umebaki kama karatasi. Je, hiyo DNA itamgeuza mtu mwingine? Na nikisema ukweli, si ataniacha?

Fundi Mwenye Mashaka

Fundi, pole. Kuuguza si mchezo, na kuuliza si kosa. Lakini hapo kwenye chai, dada yangu, umeharibu!

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Hiyo DNA ni kipande kidogo kinachofanana na cha vijidudu. Mwili ukikiona unadhani umevamiwa, askari wanaamka. Hakimgeuzi mtu. Homa yaweza kuwa ni askari kazini, yaweza kuwa hatari, ndiyo maana ukapewa daftari. Na vidonge vingine vya kutuliza uvimbe huwalaza askari haohao. Sasa dawa imeshindwa, au umeishinda wewe? Hakuna ajuaye, maana umeandika uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Usivikatishe hivyo vidonge kwa akili yako, kuviacha ghafla nako kwaweza kumdhuru. Leo hii piga namba iliyo kwenye zile kurasa alizosaini, kisha nenda na pakiti, daftari na huyo wifi yako. Taja siku na idadi. Daktari akimwangalia mwenzake, mwambie akuangalie wewe, aeleze hadi uelewe.

Ila kwanza mfuate mumeo kwenye randa yake, umwambie kwa mdomo wako. Atafoka, na ana haki. Unaogopa watu wanampa dawa asiyoijua. Wao walimpa kurasa kumi na mbili asome. Wewe ulimpa chai.