Kabla ya Tangazo la Tatu

Kaka Lusungu, shikamoo.

Stanley, mchumba wa mdogo wetu Marietha, ana mke wa ndoa na watoto Kurasini. Kanieleza shangazi Demetria jana, huku akijaribu sare ya kicheni pati, sherehe ya kumfunda Marietha. Anajua tangu Pasaka.

"Mbona hukumwambia Marietha?"

"We Recho, ningeanzaje? Mtoto ana furaha vile. Halafu sare zimeshashonwa."

Akageukia kioo, akaniuliza kama mgongo umemkaa. Hii ndiyo tunayoiita busara nyumbani kwetu.

Mama hajambo. Temeke mvua zimeanza.

Marietha anashuka stendi ya mabasi ya Mbezi Luis kesho Ijumaa jioni. Nitampokea peke yangu nimwambie, kabla hajalivaa gauni la harusi. Tangazo la tatu la ndoa yao, ndilo la mwisho, linasomwa Jumapili, misa ya kwanza.

Mdogo wako,
Recho